Ada ya Kutoa

Jumamosi, 1 Novemba 2025, Kibera

Kikao cha chama kimefanyika chumbani kwa mwenyekiti, Soweto West, kwa kuwa ukumbi tunaokodi uliingia maji ya mvua ya usiku. Tulikaa juu ya madebe na kitanda. Ajenda ilikuwa moja: akiba yetu ya bitcoin iliyoko kwenye soko la sarafu za kidijitali la nje.

Leo ndiyo siku ambayo soko la Paxful limefunga shughuli zake. Wakenya wengi walinunua na kuuza bitcoin huko kwa M-Pesa kwa miaka mingi. Akiba yetu haikuwa huko, lakini habari iliwafikia wanachama kabla yangu, na kila aliyeingia aliuliza jambo lile lile: soko likifungwa, pesa zetu ziko wapi? Mimi ndimi mweka hazina, kwa hiyo nikaeleza. Soko la LocalBitcoins lilifunga mwaka 2023 na likawapa watu muda wa kutoa chao. Soko la FTX lilianguka Novemba 2022 bila kumpa mtu muda wowote. Waliokuwa na bitcoin kwenye soko la Mt. Gox, kule Tokyo, walipoteza usingizi Februari 2014 na walianza kulipwa Julai 2024. Miaka kumi. Katika chama chetu yuko mzee ambaye miaka kumi kwake ni maombi.

Bitcoin si kitu kigeni hapa Soweto West. Mapema 2022 AfriBit Africa walianza mradi wao mtaani, na vijana wanaozoa taka wakawa wanalipwa kiasi kidogo kwa bitcoin baada ya kazi. Baadhi ya maduka na waendesha boda boda wanaipokea. Malipo hayo ya kila siku hupitia mtandao wa Lightning, njia ya pembeni ya malipo madogo ya bitcoin, na ada yake ni ndogo hata mtu haoni. Taabu yetu ni nyingine. Sisi tunataka kuweka, tusiguse, kwa ajili ya karo na mazishi. Kitu cha kuwekwa muda mrefu hukaa vizuri kwenye pochi baridi, yaani kifaa kidogo ambacho funguo zake haziguswi na intaneti.

Tumekubaliana kuhamisha akiba yote. Ni satoshi 520,000. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100, kwa hiyo tuna nusu ya asilimia moja ya bitcoin moja, na ushee. Mwenyekiti aliandika azimio kwenye daftari na kila mtu akatia sahihi. Aliyeshindwa kuandika alitia dole gumba.

Jumatatu, 3 Novemba, Kawangware

Nimeenda kuchukua kifurushi cha kifaa tulichoagiza kutoka Ulaya. Nilipanda matatu ya 46 asubuhi na foleni ya magari ikanishika Valley Road hadi saa nne. Kodi ya VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za uingizaji zimeongeza bei kuliko tulivyochangishana. Nimejaza pengo kutoka mfukoni na kuweka risiti kwenye bahasha ya chama.

Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa kwa ukaguzi na kufungwa tena kwa utepe wa kahawia. Kibandiko cha usalama cha mtengenezaji kilikuwa kimechanika katikati. Afisa alisema ni utaratibu, na naamini ni utaratibu. Lakini kibandiko kile ndicho kinachomwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyekigusa kifaa chake njiani.

Jumanne, 4 Novemba, Kawangware

Leo sheria mpya ya watoaji wa huduma za mali za kidijitali imeanza kutumika. Rais William Ruto aliitia saini Oktoba. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zitakazotoa leseni. Desemba 2015 Benki Kuu ilikuwa inawaonya wananchi wasiiguse bitcoin. Miaka kumi baadaye inapewa kazi ya kuisimamia, na mimi nafurahi kwa sababu mtu aliyeibiwa alikuwa hana pa kwenda kushtaki. Kanuni za utekelezaji bado hazijatoka.

Usiku nimefungua ukurasa wa kutoa, kwenye soko letu, ili nijue gharama kabla ya kugusa chochote. Kuna mistari miwili niliyoinakili kwenye daftari:

Kiwango cha chini cha kutoa: satoshi 100,000.
Ada ya mtandao: satoshi 20,000.

Kwa bei ya jioni hii, satoshi mia ni kama shilingi 13 na senti 40. Ada hiyo basi ni karibu shilingi 2,700. Baadhi ya wanachama wetu hulipa kodi ya chumba cha mabati kwa mwezi mzima kwa kiasi kama hicho.

Kilichonikosesha raha ni maneno "ada ya mtandao". Ada ya mtandao ni kitu kinachojulikana na kila mtu anaweza kukitazama. Wachimbaji wa bitcoin, yaani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala, hawatozi kwa thamani ya pesa unayotuma. Wanatoza kwa nafasi ambayo muamala wako unachukua ndani ya bloku, yaani fungu la miamala inayoandikwa pamoja, kama makanga anayetoza kiti bila kuuliza una shilingi ngapi mfukoni. Muamala wa kawaida, wenye kipande kimoja kinachoingia na viwili vinavyotoka, huchukua kama baiti 140. Usiku huu wachimbaji wanapokea satoshi mbili kwa kila baiti. Mbili mara 140 ni 280. Hiyo ni chini ya shilingi 40.

Soko linaandika 20,000. Mtandao unataka 280.

Najua soko lina gharama zake: walinzi wa mitambo, wanasheria, wahudumu. Lina haki ya kutoza. Ninachokipinga ni kuiita ada yake kwa jina la mtu mwingine.

Kuna jambo la kodi pia. Tangu 1 Septemba 2023 Serikali ilikuwa inadai asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali kila inapouzwa au kuhamishwa kwa mwingine. Sheria ya Fedha ya 2025 imeiondoa kodi hiyo, na tangu 1 Julai inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Nafuu imepatikana, kwa sababu kodi haiko tena juu ya akiba yenyewe. Lakini sasa ada ikiwa kubwa, kodi nayo inakuwa kubwa. Ukurasa wa soko haukusema kama ushuru umo ndani ya zile 20,000 au uko nje. Nimewaandikia kuuliza.

Jumatano, 5 Novemba, Kibera

Mwenyekiti amekataa kifaa. Amekishika, akautazama utepe wa kahawia, akakirudisha mezani. Amesema, "Mweka hazina, wewe ungekunywa soda iliyofunguliwa na mtu usiyemjua?" Nimemheshimu kwa swali hilo.

Tumekifanyia uchunguzi pamoja. Kifaa kilipowashwa kilikagua programu yake na kuthibitisha kuwa ni ya mtengenezaji. Hakikuja na maneno ya siri ya kufungulia akiba yakiwa yameandikwa tayari, na hiyo ndiyo dalili kubwa, kwa sababu matapeli huuza vifaa vyenye maneno waliyoyatunga wao. Tumekiamuru kitunge maneno mapya. Kimetoa 12, kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048 inayotumika duniani kote. Kuna orodha ya Kiingereza, Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kicheki na nyingine, lakini ya Kiswahili haimo. Shosho aliyeteuliwa kuwa shahidi hasomi Kiingereza, kwa hiyo alikagua herufi moja moja, kidole chake kikifuata karatasi, na akakuta mahali ambapo mimi niliandika herufi a inayofanana na o. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Stima ilipotea tulipofika neno la tisa. Kifaa kilikuwa kinapata umeme kutoka simu yangu, kwa hiyo tuliendelea kwa mwanga wa simu ya mwenyekiti.

Alhamisi, 6 Novemba, Kibera

Karatasi haifai kutunza maneno haya. Aprili na Mei 2024 maji yalibeba nyumba nzima nzima mtaani humu pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na moto huja karibu kila mwaka. Nimekwenda kwa fundi wa jua kali, karibu na reli, akanikatia kibati cha chuma kisichoshika kutu, ukubwa wa kitambulisho. Alitaka kugonga herufi mwenyewe, maana ndiyo kazi yake. Nilimweleza kwamba anayeyaona maneno haya anaweza kuichukua akiba yote hata bila kifaa. Alifikiri, kisha akanikodishia nyundo na seti ya herufi za chuma hadi jioni. Hakuongeza bei.

Seti haikuwa na W. Tumetumia M iliyogeuzwa. Jambo linalorahisisha kazi ni kwamba katika orodha ile hakuna maneno mawili yanayolingana kwa herufi nne za mwanzo, kwa hiyo tuligonga nne tu za kila neno. Jirani alibisha hodi kwa sababu mtoto wake alikuwa amelala. Tukangoja aamke.

Baada ya hapo nilikifuta kifaa chote, tukaingiza maneno upya kwa kusoma kutoka kwenye kibati. Anwani ya kupokelea ikatokea ile ile, herufi kwa herufi. Kibati kimewekwa ndani ya sanduku la chama lenye makufuli matatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, kama zilivyokaa tangu enzi za kuweka noti.

Ijumaa, 7 Novemba, Kawangware

Soko limeomba uthibitisho mpya wa sura kabla ya kuruhusu kutoa. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nilipojiunga. Kuweka pesa hakukuhitaji kurudia, kutoa kunahitaji. Chumba changu kina dirisha dogo na programu ikasema mwanga hautoshi. Nilitoka nje. Mvua ikaanza. Nilisimama chini ya ukingo wa duka la dawa, na kila nilipogeuza uso kushoto kama nilivyoelekezwa, mtu alipita kati yangu na simu. Mwenye duka alinipisha ndani akawasha taa zote mbili.

Picha ikakubaliwa. Kisha ujumbe wenye namba ya uthibitisho ukafika baada ya muda wake kwisha. Nilipoomba mwingine, uliingia ule wa kwanza tena. Kwa leo nimeacha.

Jibu kuhusu ushuru limekuja. Linanishukuru kwa kuwa mteja.

Jumamosi, 8 Novemba, Kawangware

Siku hii nataka kuiandika vizuri.

Mwanachama mwenzetu anauza omena hapa sokoni. Mbali na hisa yake ya chama, ameweka bitcoin yake binafsi kwenye soko lile lile tangu mwaka jana, shilingi mia mia, akitaka kumnunulia binti yake vifaa vya chuo. Aliposikia tunahamisha akiba, alinijia na simu yake: "Mwanangu, nitolee na yangu niweke kando."

Ana satoshi 60,000. Ni kama shilingi 8,000.

Kiwango cha chini cha kutoa ni 100,000. Hawezi kutoa hata akikubali kulipa ada. Akingoja hadi afikishe 100,000, ada itachukua 20,000, sehemu moja katika kila tano alizoweka. Chama kinapotoa 520,000, ada ni chini kidogo ya asilimia 4. Mtu wa Kilimani mwenye nusu bitcoin, yaani satoshi milioni 50, anakatwa 20,000 zile zile, na kwake ni sehemu nne kwa kila elfu kumi. Kwa mashine, kazi ni ile ile. Kwa nafasi ndani ya bloku, ni ile ile. Tofauti iko kwa mtu.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa soko. Nilimkumbusha mama huyu kwamba hata M-Pesa humwumiza mdogo zaidi. Ukitoa shilingi 500 kwa wakala unakatwa 29, karibu asilimia 6. Ukitoa 10,000 unakatwa 115, asilimia moja na kidogo. Lakini M-Pesa ina ngazi: anayetoa kidogo hulipa shilingi chache kuliko anayetoa nyingi. Tena bei zake zimebandikwa kwa kila wakala, ukutani, na mtu anazisoma kabla hajatoa pesa mfukoni. Mama huyu aliweka kwa miezi mingi bila kuonyeshwa mlango wa kutokea una upana gani. Wakati wa kununua, skrini ilimwambia ada ya kununua tu. Ya kutoa iko kwenye ukurasa mwingine, na hufunguka ukishakuwa na kitu cha kutoa.

Ameuza zote, akarudishiwa shilingi kwa M-Pesa. Alipoteza kidogo kwenye bei, kwa sababu anayenunua hununua chini. Alizihesabu mara mbili kwenye ujumbe, akanishukuru, akarudi kwenye beseni lake. Mtu aliyetaka kuweka akiba miaka mitano amelazimika kuitoa leo, na si kwa sababu bitcoin ilishuka.

Jumapili, 9 Novemba, Kibera

Kikao baada ya ibada. Mjadala ulikuwa mrefu na wa maana.

Kijana wetu anayezoa taka aliuliza kwa nini tusitoe kwa Lightning, kama wanavyolipwa wao. Swali zuri. Yako masoko yanayoruhusu. Binance iliiongeza Julai 2023, baada ya kulazimika kusimamisha utoaji wa bitcoin Mei mwaka ule kwa msongamano wa mtandao. Soko letu haliruhusu. Hata lingeruhusu, pochi baridi kama yetu hupokea kwenye mnyororo wenyewe wa bloku za bitcoin, kwa hiyo pangehitajika huduma ya kubadilisha inayochukua asilimia yake na kutulipisha ada ya mtandao juu. Kwa kiasi chetu bado ingekuwa nafuu. Tumeazimia kwamba akiba mpya itawekwa mahali penye Lightning.

Mwanachama mwingine alipendekeza tuhamishe kidogo kidogo kila mwezi. Nilipinga, na si kwa sababu ya ada ya soko peke yake. Bitcoin unayopokea haichanganyiki kama maji kwenye mtungi. Kila unachopokea hubaki kipande chake. Siku ya kutumia, kila kipande kinachoingia kwenye muamala huongeza karibu baiti 68, na baiti ndizo zinazolipiwa. Ukiwa na vipande vingi vidogo, unaweza kukuta siku ya msongamano kipande hakina thamani ya kujisafirisha. Tarehe 20 Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji yalipopunguzwa nusu hadi bitcoin 3.125 kwa bloku, watu waligombania nafasi kiasi kwamba ada ya wastani ya muamala mmoja ilizidi dola 120. Ada ikifika satoshi 200 kwa baiti, kipande cha satoshi 10,000 kinahitaji 13,600 ili kitoke. Kinabaki humo kama mfupa. Kutoa mara moja, kiasi kinachoeleweka, katika siku ya utulivu, ndiyo njia ya mwenye kidogo.

Kisha ikaja hoja iliyonichoma zaidi. Kila mwongozo wa kuhamisha bitcoin husema: tuma kiasi kidogo kwanza, hakikisha kimefika, kisha tuma kilichobaki. Ushauri huo ni sahihi. Kwetu, jaribio lenyewe lingekuwa satoshi 100,000, na tungelipa ada mara mbili, karibu shilingi 5,400. Usalama ambao kwa tajiri ni kama senti, kwetu ni bei ya mwezi wa kodi. Kikao kimepiga kura tusitume jaribio. Tutategemea lile la Alhamisi, la kufuta kifaa na kukirudisha kutoka kwenye kibati, ambalo halikugharimu kitu ila jioni moja. Nimeandika majina ya waliokubali na ya wawili waliokataa.

Jumatatu, 10 Novemba, Kawangware

Stima imepotea ploti nzima na simu yangu imezima. Nimekwenda saiba yenye jenereta. Nilikuwa nimeinakili anwani ya chama kwa mkono daftarini, kutoka kwenye kioo cha kifaa, na pia nimeihifadhi kwenye barua pepe ili nisiikosee kuiandika.

Nilinakili anwani kutoka barua pepe, nikaibandika kwenye ukurasa wa soko, nikalinganisha na daftari. Mwanzo ulikuwa sawa, bc1q, kama zilivyo anwani nyingi. Herufi zilizofuata hazikuwa zetu. Nikafuta, nikabandika tena. Ikaja ile ile isiyo yetu. Kompyuta ilikuwa na programu ya wizi inayongoja mtu anakili anwani ya bitcoin, kisha inaibadilisha na ya mwizi kabla haijabandikwa. Nimemwambia kijana wa saiba. Alishtuka kweli, akaizima mashine na kuandika karatasi ya kuwazuia wateja.

Nimerudi nyumbani, nikachaji simu kwa jirani mwenye sola, nikaandika anwani kwa mkono, herufi zote, jirani akinisomea na mimi nikirudia. Soko limeikubali anwani na kusema utoaji utafunguliwa baada ya saa 24, kwa usalama wangu. Kwa leo sina ugomvi na kanuni hiyo.

Jumanne, 11 Novemba, Kibera

Saa 24 zimepita. Tumeketi kwa mwenyekiti, walinda funguo wote watatu wakiwepo. Wachimbaji wanapokea satoshi mbili kwa baiti, hakuna msongamano. Nimebonyeza kutoa. Soko limekata 20,000. Zimebaki 500,000 kamili zinazokuja kwetu.

Tulingoja. Mwenyekiti alipika chai. Muamala ukaonekana mtandaoni kabla chai haijapoa, na bloku ya kwanza ikaupokea muda mfupi baadaye. Kifaa kimeonyesha 500,000. Shosho aliomba aone mwenyewe, akahesabu sifuri, akatikisa kichwa kukubali.

Baadaye niliufungua muamala huo, kwa sababu kwenye bitcoin kila kitu kiko wazi kwa anayetaka kukitazama. Soko halikututumia peke yetu. Lilitukusanya na wateja wengine, jumla watu 40, kwenye muamala mmoja, na hiyo ni njia nzuri inayookoa nafasi. Ada ambayo soko lililipa kwa wachimbaji, kwa muamala mzima, ilikuwa chini ya satoshi 3,000. Ukiigawa kwa watu 40, kila mmoja wetu aligharimu satoshi 75 hivi. Shilingi kumi. Ikiwa wote walikatwa kama sisi, soko lilikusanya satoshi 800,000 kwa jina la mtandao na kuupa mtandao 3,000.

Niliwasomea wenzangu hesabu hiyo. Kijana anayezoa taka aliniomba niirudie, akaiandika kwenye simu yake.

Jumatano, 12 Novemba, Kawangware

Nimefunga hesabu ya chama. Kilichotoka: kifaa, kodi ya uingizaji, kibati, kukodi nyundo, saiba, nauli, na satoshi 20,000. Kubwa kuliko zote baada ya kifaa ni hiyo ya mwisho. Risiti zote zimo kwenye bahasha isipokuwa ya soko, ambalo halitoi risiti inayotenganisha chake na cha mtandao wala na cha Serikali.

Nimewaandikia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji barua moja, kwa niaba ya wanachama, na nakala nimeibandika kwenye daftari hili. Kanuni za sheria mpya zinaandikwa, na sasa ndio wakati wa kusema. Tunaomba mambo matatu. Soko lolote litakalopewa leseni Kenya lionyeshe ada ya kutoa na kiwango cha chini cha kutoa kwenye skrini ile ile ya kununulia, kabla mteja hajaweka shilingi ya kwanza. Litenganishe ada yake, ada ya wachimbaji na ushuru, kila kimoja kwa jina lake. Na mteja mwenye kiasi kidogo apewe njia ya kutoka, iwe kwa Lightning au kwa kukusanywa na wenzake mara moja kwa wiki kwa gharama halisi.

Nawe unayesoma, ukiwa Kibera, Kawangware, Mathare au Likoni, na umeanza kuweka mia mia kwenye soko lolote la bitcoin: fungua ukurasa wa kutoa leo, usingoje siku ya haja. Tafuta kiwango cha chini. Tafuta ada. Igawe kwa ulichonacho. Ikipita asilimia unayoweza kuimeza, jiungeni na wenzako mtoe pamoja, au hamieni kwingine kabla hamjaongeza hata shilingi moja.